Kakakuona na Sauti Isiyo na Harufu

Paukwa!

Pakawa!

Mh! Mmeitikia upesi hivyo? Hamkugeuka hata kunitazama. Je, kama si mimi? Haya, sogeeni, sogeeni karibu, huyo mdogo nileteeni hapa mapajani, na wewe uliyesimama mlangoni ingia ndani, ukungu huo wa nje siupendi, tangu asubuhi siupendi. Nikishaanza sitaki mtu atoke. Mmesikia? Haya.

Hapo zamani za kale, zamani ambazo hata milima ilikuwa haijazoea mahali pake, palikuwa na bonde. Bonde lilikuwa na mto. Mto ukahama. Ndiyo, ulihama! Wanyama walilala mto uko huku, wakaamka uko kule. Mvua ikaja wakati wa jua, jua likaja wakati wa mvua. Mchwa wakahama vichuguu vyao. Majirani waliokuwa wakiazimana moto wakaanza kung'atana kwa ajili ya kidimbwi cha tope. Tembo na nyati, wakubwa wa bonde, wakaondoka bila kuaga mtu.

Halafu ukaja ukungu.

Asubuhi upo. Mchana upo. Jioni upo. Mweupe, mzito, umekaa tu, kama mgeni asiyesema amefuata nini.

Na ndani ya ukungu mlikuwa na sauti.

Sauti haikunguruma, wala haikulia. Ingenguruma ingekuwa afadhali! Ilikuwa inaita tu. Ilimwita Swala kwa sauti ya mamake. Ilimwita Ngiri kwa sauti ya ndugu yake aliyekufa. Inaita kwa upole, kwa jina lako lile la nyumbani:

"Njoo, wangu, njoo,
nimekuwekea, njoo,
mbona umekawia, njoo."

Ukiitika, basi. Ukisema naam, ukisema abee, miguu inaanza kwenda yenyewe. Tapu, tapu, tapu, unaingia ukunguni. Hutoki tena.

Wanyama wakaziba masikio kwa majani. Sauti ikapita. Wakaziba kwa udongo. Sauti ikapita. Wakaimba kwa nguvu ili wasiisikie, nayo ikaimba pamoja nao, tena ikiwashinda kwa utamu.

Sasa katika bonde hilo aliishi Kakakuona. Mnamjua kakakuona? Yule mwenye magamba mwili mzima, hana jino hata moja, akiogopa anajikunja anakuwa mpira. Alikuwa mama kijana, na mwanawe wa kwanza alikuwa kitoto cha kike, magamba bado laini, kinanyonya, kinapanda juu ya mkia wa mama na kubebwa hapo kila waendako. Alikizaa siku mto ulipohama. Akakiita Tabu.

Na huyu Kakakuona alikuwa na mama. Ngoja, hili ilifaa nilitangulize. Mamake alikuwa mheshimiwa katika bonde lile, kwa sababu ndiye aliyekuwa akichagua mwaka. Kila mwaka wanyama walimwekea vitu mbele yake: maji katika kifuu cha nazi, mtama, mwiba na jivu. Akigusa maji, mvua itanyesha. Akigusa mtama, watashiba. Mwiba, vita. Jivu... jivu hawakulisemea. Naye hakukosea. Lakini ukungu ulipoingia bondeni yeye ndiye aliyeitwa mwanzo kabisa, kabla hawajajua kwamba haifai kuitika. Akaitika. Hakurudi.

Basi wanyama wakaenda kwa binti.

"Hodi hapa, Mama Tabu!"

Huyo ni Nungunungu, mzee pekee aliyebaki kwenye baraza. Nyuma yake Fisi. Nyuma ya Fisi, Digidigi, shoga yake Kakakuona, paa mdogo mwenye macho makubwa, ambaye mumewe aliitika juzi tu.

"Karibuni, karibuni mkae."

"Hatukai," akasema Nungunungu. "Tumefuata mwaka."

Wakaweka vitu chini. Maji, mtama, mwiba, jivu.

"Mzee wangu," akasema Kakakuona, "mimi siwezi. Mimi sijui. Mama hakunifundisha."

"Halifundishwi hilo. Gusa!"

Akasogeza pua. Maji yalinuka tope. Mtama ulinuka panya. Mwiba ulinuka damu ya mtu aliyeuchuma vibaya. Jivu lilinuka moto. Basi. Hakuna kilichomwambia neno. Akarudia tena. Tope, panya, damu, moto.

"Hehehe!" Fisi akaangua kicheko. "Mamako alikuwa anagusa hata hatujamaliza kuweka! Wewe unanusanusa kama umeambiwa kuna ugali umefichwa."

"Fisi, nyamaza," akasema Digidigi.

"Ninyamaze nini? Huyu si mchaguzi, huyu ni gamba tu. Gamba na woga ndani."

Aibu ikampanda Kakakuona, aibu ya kukosa hata mahali pa kuweka uso. Akajikunja. Kwaru-kwaru-kwaru, pu! Mpira. Akafumba macho. Akafumba na masikio, kama alivyofanya siku zote akiogopa. Kimyaaa. Akakaa humo ndani ya giza lake mwenyewe, raha mustarehe, hasikii mtu.

Lakini alijikunja haraka mno, wanangu. Alijikunja haraka, na Tabu alikuwa juu ya mkia. Tabu akadondoka nje.

Na kule nje sauti ikaita.

Kakakuona alishtuka akigongwa mgongoni. Ko! Ko! Ko! Kwato za Digidigi. Akajikunjua, akafumbua masikio.

"Shoga! Nimekuita mpaka koo limekauka! Tabu ameitwa! Ameitwa kwa sauti ya bibi yake, akasema 'Abee, bibi!' akaenda, nimemshika akanichomoka. Ulikuwa umekufa humo ndani?"

"Nilikuwa nimefumba masikio."

"Umefumba nini?"

"Masikio. Kama wewe unavyofumba yako."

Digidigi akamtazama. Nungunungu akamtazama. Hata Fisi akaacha kucheka.

"Dada," akasema Digidigi polepole, "mimi masikio yangu hayafumbiki. Ya nani yanafumbika? Unadhani tunajaza udongo humu kwa kupenda?"

Kakakuona hakujua. Tangu azaliwe alidhani kila mnyama anaweza.

Akageukia ukungu. Nungunungu akamzuia. "Chagua kwanza mwaka, mama, kisha utamfuata mtoto." Mnasikia maneno hayo? Na Fisi naye: "Mwache. Atazaa mwingine."

Kakakuona akapita juu ya vitu vyao, kifuu kikapinduka, maji yakamwagika juu ya jivu, akaingia.

Ndani ya ukungu hakuona hata kucha lake. Akateremsha pua chini. Akanusa. Tabu alinuka maziwa yaliyochachuka kidogo, na vumbi la mchwa, na kile kijasho cha kisogoni, kila mama anakijua. Akaishika njia ile. Swa, swa, swa.

Sauti ikamjia.

"Njoo, wangu, njoo..."

Ilikuwa ya mamake. Ilikuwa yake kabisa, na kile kikohozi chake kidogo cha mwisho wa neno. "Umechoka, mwanangu. Njoo nikushikie mtoto ulale kidogo. Njoo."

Jamani. Nani asingeitika? Mdomo ukafunguka. "Abe—" Mguu mmoja ukaanza kwenda wenyewe.

Pua ikakataa.

Mamake alinuka mizizi na siafu. Sauti hii haikunuka mizizi, haikunuka siafu, haikunuka kitu. Hata mzoga unanuka. Hata jiwe linanuka jua. Hii ilikuwa imesimama hapo usoni pake, inamwita mwanangu, na haina harufu yoyote.

Akafumba masikio. Kimyaaa. Akaifuata harufu ya maziwa yaliyochachuka.

Njia ikaishia kwenye kichuguu. Kikubwa, kirefu, mchwa walishakihama, kitupu, na mbele yake tundu limeachama kama kinywa. Na mbele ya tundu wamekaa wanyama. Wote walioitwa. Wamekaa kwa mistari, wamenyooka, wote wanatazama mle tunduni, na midomo yao inacheza. Kakakuona hakuwasikia, lakini aliisoma. Naam. Abee. Naam. Abee. Midomo imekauka, imepasuka, haisimami. Naam. Abee. Na kila walipoitika, ukungu ulitoka tunduni mzito zaidi. Sauti ile ilikuwa inakula majibu yao, wanangu. Ndicho kilichokuwa chakula chake.

Mstari wa mbele akamwona mamake. Magamba yake yote mahali pake. Akamsogelea, akamgusa kwa pua, taratibu.

Kwaru.

Magamba yakaanguka chini, moja moja. Ndani hamkuwa na mtu. Mlikuwa na ukungu tu.

Nipeni maji kidogo. ... Haya.

Pembeni ya magamba yale ameketi Tabu, mdomo unacheza. Abee. Abee. Kakakuona akamvuta, akajikunja juu yake, pu! Safari hii mtoto yuko ndani. Akampa ziwa. Tabu akalikataa, mdomo unataka kuitika. Akampa tena. Maziwa yakadondoka ulimini. Tone. Tone. Mdomo ukasita. Ukashika. Akanyonya! Na mtoto mwenye ziwa mdomoni ataitikaje? Hawezi.

Wangekaa hivyo. Lakini Kakakuona akawaza: maziwa yatakwisha. Na hawa wengine wanaendelea kuilisha. Nitajikunja hapa mpaka lini? Najua nini mimi? Mwaka siujui. Mtama na mwiba havisemi na mimi. Najua nini?

Akanusa. Udongo wa kichuguu.

Lo! Vichuguu! Vichuguu ndivyo alivyokuwa akivivunja tangu utoto wake, kila siku ya Mungu, kutafuta kula. Alijua ukuta unapokuwa mnene na unapokuwa mwembamba. Ni nyuma, chini, upande usiopigwa na mvua. Hakuwahi kuiona kuwa ni kazi ya kusifiwa. Ilikuwa ni kula tu.

Akajikunjua, Tabu kamng'ang'ania tumboni anavuta ziwa, akasimama kwa miguu miwili ya nyuma, akazunguka. Akaingiza makucha. Chopo! Udongo ukaruka. Chopo! Chopo! Kucha moja likavunjika. Chopo! Mpaka kucha likafika ndani, kwenye utupu, na hapo sauti ikapanda kwenye kucha, ikapita mfupani, ikafika kichwani. Masikio yamefumbwa, na bado ilifika.

Safari hii haikuwa sauti ya mamake. Ilikuwa yake mwenyewe.

"Mimi siwezi," ilisema. "Mimi sijui. Mama hakunifundisha."

Aliyajua maneno hayo. Aliyasema mbele ya Nungunungu, na kabla ya hapo aliyasema kila alipoamka. Akaacha kuchimba. Tabu akavuta ziwa, kwa nguvu, mpaka likauma.

Kakakuona hakuitika.

Chopo!

Ukuta ukapasuka. Upepo ukaingia mbele ukatoka nyuma, fyuuuuuu, na sauti ikatoka nao, nyembamba, kama ya mbu, nyembamba zaidi, ikaisha. Akafumbua masikio. Akasikia ndege. Alikuwa amesahau kwamba bonde lina ndege.

Walioitwa wakaamka. Sitawadanganya, si wote. Ngiri aliamka, koo linawaka. Mumewe Digidigi aliamka, akauliza mto uko wapi. Wengine walipoguswa walikuwa ngozi tupu, kama yule bibi wa magamba.

Kakakuona aliporudi, Nungunungu alikuwa ameshapanga vitu upya. Maji, mtama, mwiba, jivu.

"Mama Tabu, sasa tumeamini. Gusa."

"Mzee wangu, mwaka siujui. Mama alijua mwaka. Mimi najua vichuguu vilivyohamwa, na bonde hili limejaa vichuguu vilivyohamwa. Ninakwenda kuvitoboa kabla upepo ulionaswa ndani yake haujajifunza majina yetu tena. Nani atanisindikiza?"

Akajitokeza Digidigi: "Mimi. Lakini masikio yangu haya je?"

"Jaza majani mdomoni. Tafuna. Usiache kutafuna."

Na ndiyo maana mpaka leo digidigi hata akilala anatafuna.

"Na mimi nijaze nini?" akauliza Fisi, kwa sauti ndogo.

"Wewe chukua mfupa, kaka. Angalau tutapumzika."

Wakacheka. Ilikuwa siku nyingi bonde halijacheka. Wakaenda, Tabu juu ya mkia, na kila walipotoboa ukungu ulipungua.

Basi, wanangu, na nyie wakubwa mliojibanza nyuma mkijifanya hamsikilizi, nawaambia. Dunia ikivurugika sauti zitakuwa nyingi, zitawaita kwa majina yenu mazuri. Si kila anayekuita anakutaka uishi. Na kile ulichopewa wewe huenda hukioni, kwa sababu unakifanya kila siku na unadhani kila mtu anacho. Kitafute hapo hapo. Hata ukitetemeka, kifanye. Kakakuona alitetemeka mpaka mwisho.

Ngano yangu nimeifikisha ukutani mwa kichuguu, hapo ndipo inapoishia, anayeitaka aichukue.

Paukwa!

...

Paukwa!

...

Vizuri. Vizuri sana, wanangu. Sasa sogeeni mnuse. Moshi wa kuni. Maziwa. Khanga haijakauka vizuri.

Eeh, ni mimi. Sasa itikieni.