Mgeni Aliyebaki Ndani ya Kompyuta

“Mgeni usiyemsindikiza bado yumo ndani.”

Mmeisikia leo jikoni, shangazi yenu alipowanyamazisha msimseme mgeni, mkaja mbio kuniuliza imetoka wapi. Mnadhani ni ya mababu? Mababu hawakuwa na kompyuta. Tulieni niwaeleze ilivyoanza, na anayetaka kucheka acheke sasa hivi, maana huko mbele hakuchekeshi.

Hapa Usangi alikuwapo Mzee Mshana, mwalimu mkuu mstaafu na katibu wa kamati ya maji. Binti yake, Namsifu, alikuwa amechumbiwa na Bujiku, fundi wa kompyuta wa Kahama. Kijana alikuwa yatima wa baba, hivyo siku ya utambulisho alikuja na mama yake na wajomba.

Wiki chache baadaye, kompyuta ya mzee ikagoma kuchapa taarifa ya kamati, na mkutano ni mchana huohuo. Akampigia mkwewe mtarajiwa.

“Usihangaike, baba,” Bujiku akasema. “Washa ruhusa ya kuingia kutoka mbali, kisha unisomee namba zitakazotokea. Nitaitengeneza nikiwa hukuhuku.”

Mzee akafuata alivyoelekezwa. Mara kishale kikaanza kutembea chenyewe kwenye kioo, kinafungua hiki, kinafunga kile, naye mzee katulia kama mtu anayenyolewa. Punde karatasi zikatoka.

“Tayari, baba. Ila mlango umeufungua wewe, uufunge wewe, wasije wengine wakaupitia. Bonyeza pale juu...”

Simu ikakatika. Mzee hakupiga tena. Shida yake ilikuwa imekwisha, basi. Hata ahsante hakusema, naye ndiye mtu ambaye mgeni akija kwake humsindikiza mpaka kwenye migomba ya jirani.

Akaanza kumwandikia mdogo wake aliyeko Tanga: “Kijana hana neno. Aibu ni mama yake. Siku ya utambulisho alikula kama hajawahi kuona nyama, nyingine akaifunga kwenye kanga, akatoka nayo. Wajukuu zangu walelewe na mtu wa namna hiyo? Naona posa hii tuivunje mapema.”

Namsifu aliingia na chai, akasimama nyuma ya baba yake. Papo hapo kishale kikasogea bila kuguswa, kikasimama chini ya barua, na maneno yakaanza kujiandika:

“Shikamoo, baba. Nilikuwa nasubiri uzime ile ruhusa. Nyama ile mama alimpelekea dereva wetu. Alishinda garini, hakuna aliyemkaribisha ndani. Nisamehe kwa kusoma.”

Kisha kishale kikapanda juu, kikatoweka.

“Baba,” Namsifu akasema, akiweka chai mezani, “si nilikwambia kuna dereva nje? Ukasema atakula njiani.”

Wanangu, mtu mzima akiaibika mbele ya mwanawe hana pa kuweka uso. Mzee Mshana aliwachapa watoto wa watu miaka na miaka kwa kusengenyana darasani! Chai ikapoa mbele yake. Mwishowe akainua simu.

“Mwanangu, nimekosa.”

“Yamekwisha, baba. Mama hajui, wala sitamwambia.”

Hilo ndilo lililomchoma. Afadhali angetukanwa.

Harusi ilifungwa. Siku ile mzee alibeba sahani ya wali kwa mikono yake mwenyewe, akampelekea dereva, akamnawisha, wageni wakabaki wanatazamana. Jioni, mama Bujiku alipoaga, mzee akamsindikiza. Wakapita migomba, wakapita kanisa, wakateremka mpaka barabara kubwa, yeye na fimbo yake, maharusi nyuma yao.

“Mkwe, rudi sasa, utachoka,” mama yule akamwambia. “Jamani, nimetembea nyumba nyingi, lakini heshima kama yako sijaiona. Nitawasimulia kwetu.”

Mzee akatazama chini. Angepigwa fimbo ingemuuma kidogo kuliko sifa ile. Namsifu akamshika mkono mumewe.

“Sirudi mpaka gari liondoke, mkwe wangu,” mzee akajibu. “Mgeni usiyemsindikiza bado yumo ndani.”

Mama yule akacheka, akaisifu kuwa ni methali nzuri, akaenda nayo Kahama. Mpaka leo huitumia, na hajui kwamba ilizaliwa kwa ajili yake.