Nani Amtoe Nje Mtoto wa Nyanzala

Hapo zamani, wala si zamani ile ya wanyama kusema, bali zamani ya bibi zetu waliokuwa na midomo wakaifumba, palikuwa na mji uitwao Kitongani, mji wa minazi na makumbi. Sogeeni. Hadithi hii nimeibeba miaka mingi na inachosha. Leo nataka mnipokee.

Mji ule ulikuwa na watu wa namna mbili. Walikuwapo wenyeji, waliozaliwa pale na kuzikana pale. Na walikuwapo waja, watu wa bara walioshuka mwaka wa njaa, mwendo wa siku ishirini kwa miguu. Wanaume wa waja walichoma chokaa kwenye matanuru ya Jiwe Jeupe, nusu siku kutoka mjini. Wanawake wao walipiga makumbi ya nazi pamoja na wanawake wa mji, wakasokota kamba, wakaazimana chumvi, wakafarijiana kwenye misiba. Waligawana yote isipokuwa jambo moja.

Wanawake wenyeji walizaa wakitaka na kupumzika wakitaka. Wanawake wa waja walizaa mfululizo mpaka wakakongoroka, au hawakuzaa kabisa. Wenyeji wakasema, aa, ndivyo walivyo watu wa bara. Uongo mtupu! Msichana mwenyeji akivunja ungo aliwekwa ndani kwa somo, kungwi wa mji, akafundishwa mwili wake, siku zake na dalili zake, kisha akachezwa ngoma ya unyago na kuapishwa asimwambie mtu ambaye hakuchezwa. Msichana wa waja alivunja ungo njiani, na njia haina somo.

Nyanzala alikuwa mja. Alifika Kitongani na mumewe Maige akiwa na miaka thelathini, hana mtoto. Aliyemshika mkono njia nzima ni Bi Minza, mtu mzima wa kwao, asiye ndugu yake wa damu. Bi Minza ndiye aliyempa elimu aliyokuwa nayo.

"Mwanangu," alimwambia, "shamba hupandwa mvua ikikatika tu, udongo ungali mbichi. Nawe ndiwe shamba. Damu ikikatika leo, kesho mwite mumeo."

Sasa ijueni desturi ya matanuru. Moto wa chokaa hauachwi peke yake. Kila mchomaji alipewa siku tatu kwa mwezi za kwenda kwake, na siku hizo alizichagua mkewe, akazituma kwa wabeba kuni. Siku tatu, basi. Zikipita, subiri mwezi mwingine.

Damu ikakatika, Nyanzala akatuma salamu. Maige akaja, Maige akarudi, damu ikaja. Mwezi wa pili akatuma salamu. Maige akaja, Maige akarudi, damu ikaja. Mwaka wa kwanza ukaenda hivyo, na wa pili, na wa tano. Kwenye makumbi wenzake waliitana kwa majina ya watoto wao, mama fulani, mama fulani, na yeye wakamwita Nyanzala. Alichoka. Alichoka hata kutumaini, maana kutumaini nako ni kazi, na kazi ile haikuwa na Ijumaa.

Mwaka wa nane alikuwa akipiga makumbi na Mize, binti wa mji aliyekwisha poswa. Nyanzala akasema, "Mdogo wangu, nisaidie fungu hili nikawawahi wabeba kuni. Jana nimemaliza siku zangu, namtaka Maige aje."

Mize akacheka. Kisha kicheko kikamkatika. "Dada, siku hizo ndizo unazomwita?"

"Ndizo."

"Miaka yote?"

"Yote."

Mize akaliweka chini gongo lake. Akatazama huku, akatazama kule. "Dada, siku hizo hazina kitu. Hesabu tangu damu inapoanza. Ikifika siku ya kumi na nne, ndipo. Sikukwambia mimi, umesikia?"

Usiku kiapo, mchana kiapo, na binti wa watu akakivunja juu ya fungu la makumbi. Nyanzala akachukua kamba, kila siku fundo moja, fundo la kumi na nne akalifunga kubwa. Akawa anamwita Maige kwa lile fundo kubwa. Maige akaja, Maige akarudi, damu ikaja. Mwaka mzima, damu ikaja. Na ile kamba, alikuwa akiitundika mlangoni kama anavyotundika ungo, hajui kwamba mlango unasomwa. Mwanamke mwenyeji akapita, akahesabu, akaelewa, na mwenyeji aliyeketi na Nyanzala kwenye makumbi kila siku ni Mize. Siku ya harusi ya Mize hapakuwa na ngoma. Somo hakuja, wanawake hawakuja, na akaingia kwa mumewe kimya kama anayehama nyumba ya kupanga.

Somo huyo aliitwa Bi Mwanamkasi. Kila msichana wa Kitongani alipita mikononi mwake. Asubuhi moja alikuja mwenyewe kwa Nyanzala, uso umefura.

"Shikamoo, bibi," Nyanzala akasema.

Hakuitikia. Aliitungua kamba, akaanza kuhesabu mafundo kutoka fundo kubwa mpaka fundo kubwa. Akahesabu mara ya pili. Akaketi.

"Mwezi wako una siku thelathini na sita," alisema. "Na yule mpumbavu amekwambia kumi na nne? Hiyo ni hesabu ya mwenye mwezi mfupi. Nusu ya elimu!" Akainuka na kuurudisha mlango. "Acha kuhesabu. Jitazame. Itakuja siku utaona ute, mweupe, unaovutika kama ute wa yai bichi. Mwili unapiga mbiu. Mwite siku hiyo hiyo, usingoje kesho."

Nyanzala alimtazama. "Bibi, tangu lini ulijua kwamba nakosea?"

"Tangu mwaka wa kwanza. Nilikuwa nikimwona mumeo akija, nami najua zamu zako za kufua vitambaa vya damu."

"Ukanyamaza."

"Nilinyamaza. Kiapo sikukitunga mimi, nilikirithi."

Nyanzala alitaka kumpiga. Nasema kweli, mkono ulimwasha. Lakini mtu aliyesubiri miaka tisa hana nguvu za kupiga. Akasema, "Ahsante, bibi," na usiniulize ilikuwa ahsante ya namna gani.

Dalili ikaja mwezi ule ule, ikamkuta Nyanzala amevimba mguu kwa mwiba wa mkindu, hawezi hata kufika kisimani. Wabeba kuni walikwisha ondoka. Bi Minza akajifunga kanga kiunoni, akaenda kwa miguu mpaka Jiwe Jeupe, na uzee wake, na mvua juu. Nyapara akamwambia, "Mama, siku hazikutumwa mapema. Maige akiondoka, nani atakaa na moto?"

Bi Minza akasema, "Mimi."

Wakacheka. Naye akaokota jembe la majivu akaanza kazi, na Maige akashika njia anakimbia. Siku tatu Bi Minza alichochea tanuru na kukoroga chokaa. Siku ya tatu chokaa ikamrukia jicho la kulia, na jicho lile halikuona tena.

Maige akaja, Maige akarudi, damu haikuja.

Nyanzala alijifungua mtoto wa kike akiwa na miaka arobaini. Alijifungua kwa shida, na mkunga alimwambia waziwazi kwamba huyu ndiye, asitazamie mwingine. Wakamwita Tumaini? Hata. Hawakumwita jina lolote, kwa sababu Kitongani mtoto hupewa jina siku ya arobaini, na mwanamke anayemtoa nje. Na desturi yasema: mikono iliyomvusha mtoto kizingiti ndiyo itakayomweka ndani atakapovunja ungo. Anayemtoa ndiye atakayemfundisha. Hilo halibadilishwi.

Siku ya arobaini Nyanzala alikuwa ameketi na mtoto, hajalala vizuri wiki nzima, maziwa yanamwuma. Wakaja watatu.

Bi Mwanamkasi akasema, "Nipe mimi. Bila neno langu ungekuwa ukifunga mafundo mpaka leo. Nami nikimtoa, mwanao si mja tena. Atachezwa ngoma, atafundishwa yote, hataibiwa hata mwezi mmoja. Kiapo nimekivunja kwako mara moja. Kwa wengine bado ninacho."

Mize akasema, "Nipe mimi, dada. Bibi alikuja kwa sababu yangu. Ningenyamaza, na yeye angenyamaza. Nimeolewa bila ngoma kama mtoto wa kuokotwa. Najua nilikupa nusu, na nusu ile ilikula mwaka wako. Siruhusiwi kumcheza mtu. Lakini ninachokijua nitamwambia yeye, na yeyote atakayeniuliza, mchana kweupe."

Bi Minza alikuwa amekaa, jicho zima amelielekeza kwa mtoto. Akasema, "Mwanangu, mimi sina maneno. Nilikuleta mgongoni mwa njaa. Nilisema utazaa, umezaa."

"Mama," Nyanzala akamwuliza, "na huyu ukimfundisha, utamwambia nini?"

Bi Minza akashangaa. "Nitamwambia nilivyoambiwa na mama yangu. Shamba hupandwa mvua ikikatika. Wewe ulikuwa na bahati mbaya tu."

Mize akauma mdomo. Bi Mwanamkasi akatazama dari. Nyanzala hakucheka wala hakulia. Alilitazama jicho lile jeupe, akakumbuka ni nani aliyekubali moto. Akaitazama mikono ya somo, misafi, iliyotiwa hina, akakumbuka miaka tisa ya shikamoo iliyoitikiwa vizuri bila neno la ziada. Akamtazama Mize, na Mize alikuwa na mimba ya miezi minne.

Nje wanawake walikuwa wamejaa uani, wenyeji upande huu na waja upande ule, wanangoja kuona mlango. Miongoni mwa waja walikuwapo wasichana sita ambao hawajavunja ungo.

Nyanzala akainuka na mtoto. Mikono sita ikanyooka mbele yake.

Mimi hufika hapa nikaishiwa. Basi nyinyi mlioketi, mliofundishwa na msiofundishwa, msinijibu kwa pupa. Mtoto ni mmoja, na hana mdogo wake atakayekuja. Je, mngemweka mikononi mwa nani?