Sahihi ya Tatu

Mfano wa mkulima nimewapa mara nyingi, mpaka mkulima mwenyewe anastahili kustaafu. Leo sikilizeni wa chombo cha anga, ile sinema ambayo vijana walituonyesha kwenye ukumbi wa kanisa Ijumaa, nanyi wengi mkatoka mmenuna kabla haijaisha.

Kulikuwa na bawabu mmoja, mlinda mlango wa chombo kilichokuwa mbali sana na dunia, huko ambako jirani yako wa karibu ni nyota. Ndani walikuwa watu tisa. Bomba la hewa lilikuwa linavuja mahali fulani, na kila mtu alivuta pumzi kidogo kidogo, kama anayeonja uji wa moto.

Bawabu akaja kupokea zamu. Mwenzake alikuwa ameshaandika kwenye kitabu cha zamu na kwenda kulala. Naye akaandika chini yake, kwa mwandiko mzuri, "Nimepokea, hakuna jambo," akaketi. Kiti hakijapata joto, akasikia mlango wa nje unagongwa. Ngo, ngo, ngo, halafu kimya.

Wewe ungefanya nini? Mlango unabishwa, na huko nje hakuna hata kichaka cha mtu kutokea.

Alikwenda kwa nahodha.

"Nje hakuna mtu," nahodha akamwambia.

"Ndiyo maana nimekuja, mkuu."

Akaitwa ofisa usalama, mama mmoja aliyejua kanuni kuliko walioziandika. Akasema ili mlango wa nje ufunguliwe ni lazima fomu namba saba ijazwe, yenye sahihi tatu: ya nahodha, yake yeye, na ya fundi mkuu. Nahodha akasema kwa maoni yake huyo ni dubwana. Ofisa usalama akaafiki, kwa maandishi.

Wakiwa bado wanatafuta kalamu, mlango ukagongwa tena. Safari hii taratibu zaidi.

"Mkuu," bawabu akasema, "huyu anabisha kama mtu aliyelelewa. Anapiga hodi, anasubiri, anapiga tena. Dubwana lina adabu gani?"

"Huenda limejifunza," ofisa usalama akajibu. "Lete sahihi tatu, kijana wangu."

Nahodha akatia sahihi, maana sahihi moja haifungui kitu. Ofisa usalama naye akatia ya kwake, akaongeza "kwa masharti". Ikabaki ya fundi mkuu. Bawabu akamtafuta kwenye mitambo, hayupo. Jikoni, hayupo. Kitanda chake kimetandikwa. Akiwa bado anazunguka na karatasi yake humo chomboni, akaisikia hodi ya tatu. Ilikuwa kama mtu anayegusa tu.

Mnajua desturi yetu. Hodi ya tatu isipoitikiwa, mgeni huondoka zake. Kweli, kukawa kimya. Watu wakashusha pumzi, wakaambiana limeondoka, na mmoja akaanzisha wimbo. Nanyi hapo ndipo mlipoanza kusogeza viti, mkiuliza sinema gani ya kutisha isiyo na dubwana.

Mkakosa dakika tatu tu.

Bawabu alirudi mezani kwake aandike kwamba fundi mkuu hakupatikana. Akafungua kitabu, na jicho likaangukia mstari ulio juu ya ule wake, mstari aliokuwa ameupokea bila kuusoma: "Fundi mkuu ametoka nje kukaza bomba la hewa. Redio ya vazi lake ni mbovu, taarifa ilitolewa miezi mitatu iliyopita. Atabisha akirudi."

Aliufungua ule mlango bila kumwuliza mtu. Fundi alikuwa palepale, amejifunga kamba, ngumi yake imeegemea chuma. Wakamvuta ndani, wakamvua kofia, wakamwita. Hakuitika. Wakamwita tena. Na bawabu, akiwa amemwinamia anamlilia, akagundua kwamba analia kwa pumzi ndefu, zilizojaa kifua. Hewa ilikuwa imerudi. Bomba lilikuwa limekazwa.

Ndugu zangu, ni nani anayetukazia mabomba, na sisi tumemwacha wapi?

Jumanne alikuja mama mmoja ofisini. Mwanawe anaumwa, akaomba gari la usharika limpeleke hospitali. Akaambiwa alete kwanza barua ya mzee wa jumuiya yake. Msimlaumu karani, niliyemwambia ni mimi. Alhamisi akarudi, mzee wa jumuiya alikuwa amesafiri, nami nikamwambia amsubiri. Akasema, "Asante, mchungaji," akaondoka kwa adabu zake, nasi tukaona shauri limekwisha. Sakafu hii mliyoikanyaga asubuhi ikiwa safi, yeye ndiye huifagia kila Jumamosi. Jana ameifagia. Leo tazameni pale kwenye benchi lake, karibu na nguzo: pako wazi.

Gari lipo hapo nje, limeoshwa, limejaa mafuta. Mahubiri yalikuwa na sehemu mbili zaidi. Mzee wa kanisa, nipe ufunguo. Sala ya mwisho nitaisali njiani.