Sadaka Alale Mlango wa Nani?

Sogeeni, wakubwa kwa wadogo, kila mtu apate pa kukaa. Mimi shule yangu iliishia darasa la saba, kwa hiyo msitegemee maneno makubwa. Nina jambo lililotukalia vifuani kijiji kizima, nami nimekuja kulitua mbele yenu.

Kwetu milimani Upareni, Jumapili ya mavuno kila mtu hupeleka madhabahuni alichojaliwa, kisha vitu hivyo hunadiwa nje baada ya ibada. Ndizi, tangawizi, mayai, kuku. Mwaka mmoja Bibi Nankondo alileta kikapu kilichofunikwa kanga, akakiweka mbele, na kikapu kikalia. Ndani mlikuwa na mtoto wa mbwa.

Mzee wa kanisa akainama, akamnong'oneza, "Bibi, hiki ndicho nini?"

"Shamba langu halikutoa kitu," bibi akasema, wala hakupunguza sauti. "Kilichozaliwa kwangu mwaka huu ni hiki. Au Bwana anachagua?"

Mnadani tulicheka, na mimi nilikuwemo, Mungu anisamehe. Hakuna aliyetaka kutaja bei. Ndipo wakajitokeza watu watatu, wakachanga kwa pamoja, wakamchukua. Wakampa jina la Sadaka, wakakubaliana akae wiki kwa huyu, wiki kwa huyu, wiki kwa yule. Nyumba zao zimepangana kwenye mteremko, moja juu, moja katikati, moja chini kwenye mfereji.

Sasa wasikilizeni hao watatu, maana kila mmoja alikuwa na kipaji chake.

Nakundwa ni fundi cherehani. Huyo ukimpa kitambaa gizani atakwambia kilikaa sanduku la nani. Yeye alimfundisha Sadaka kunusa. Alimpa kipande cha nguo ya mtu, akaficha kipande kingine cha nguo ileile chini ya gunia au nyuma ya banda, kisha akamwambia, "Tafuta." Mwanzoni mbwa alileta soksi za mume wa jirani, na maneno yakawa mengi. Baadaye hakukosea tena.

Mbazi alikuwa winga wa timu ya kata mpaka goti likamkataa. Aliona kwenye simu mbwa wa nchi za watu wanaruka viunzi na kupita juu ya vigogo, akasema, "Wetu ana upungufu gani?" Akatundika tairi la baiskeli, akalaza mirunda, akapanga fito. Yeye neno lake lilikuwa "Ruka." Watu wakamwuliza, "Mbazi, unamwandaa kwa ligi ipi?" Naye akawajibu, "Ile ambayo ninyi hamkuitwa."

Mwalimu Kiangi ndiye anayefundisha kwaya, mtu mpole, ila besi wakikosea hata mchungaji anakaa kimya. Kwake Sadaka alijifunza kutulia. Mwalimu alimlaza katikati ya mazoezi, akamwekea ugali mbele ya pua, kuku wakapita, soprano wakapiga kelele, mbwa asiinuke mpaka aambiwe, "Inuka." Bibi mmoja wa sauti ya pili alisema, "Mwalimu, laiti sisi ungetupata hivyo." Mwalimu akamjibu, "Mama, yeye hasemi na jirani yake."

Wale watatu hawakukosa kurushiana vijembe. Nakundwa alisema Mbazi anafanya sarakasi. Mbazi alisema Mwalimu anamfundisha mbwa uvivu. Mwalimu alisema kunusa mbwa huzaliwa nako, Nakundwa amefundisha nini? Lakini wote walimpenda yule mnyama, na hilo mlishike, kwa sababu ndilo linalonisumbua.

Basi siku moja mjukuu wa Bibi Nankondo, kibinti Nietiwe, asiyejua bado hata kufunga kiatu, akapotea.

Tulimwita kila mahali. Wanaume wakasema ameingia msituni, wakachukua mapanga na tochi wakaanza kupanda. Nakundwa akakataa. Aliingia kwa bibi, akatoka na kisweta cha mtoto, akakiweka puani pa Sadaka. "Tafuta."

Mbwa hakwenda msituni. Alishuka.

Alifuata mfereji mkavu mpaka korongoni, nasi nyuma yake tunahema. Pale pana gogo la kale lililochongwa kama mtumbwi, linapitisha maji hewani toka ng'ambo kuja mashambani kwetu. Tukatazama ng'ambo. Nietiwe alikuwa ndani ya mfereji upande ule, mguu umebanwa kati ya mawe, analia bila sauti kutufikia. Mtoto yule alikuwa amepita ndani ya gogo, juu ya korongo lile, peke yake. Nilishika mti.

Kisha Bibi Nankondo akasema neno lililotukausha damu. "Leo ni zamu ya maji."

Wageni nawaeleza: juu kule ng'ambo pana ndiva, bwawa letu la udongo. Maji hukusanywa humo, na saa ya zamu ikifika mgawa maji huchomoa kizibo, yote yakashuka kwa mfereji kwa kishindo. Sisi tulijua hivyo tangu utoto, na bado tulikwenda kumtafuta mtoto msituni, hakuna aliyekumbuka kumwambia mgawa maji asubiri.

Vijana wakatimka kuzunguka korongo, lakini njia ile ni ndefu. Mtu mmoja akaweka mguu kwenye gogo, likalia kraa, akarudi. Gogo limeoza, halibebi mtu mzima.

Mbazi akapiga magoti kando ya Sadaka. "Sadaka, kama vigogo vyetu vya nyumbani. Twende."

Sadaka akapita. Ndani ya gogo mna utelezi, alipita taratibu, mkia umenyooka. Mwisho wa gogo pana ubao wa kuzuia taka. Mtoto alikuwa amepenya chini yake, mbwa asingeweza. Mbazi akapaza sauti, "Ruka!" Akaruka, akatua ng'ambo, akamfikia mtoto, akaanza kumlamba.

Ndipo tukasikia maji.

Mbwa naye aliyasikia. Aligeuza kichwa, akainuka, akatazama kule tulikosimama. Mwalimu Kiangi akasogea ukingoni, akaita kwa sauti ileile ya mazoezini, wala haikutetemeka. "Sadaka. Tulia."

Sadaka akalala, akakinga mfereji kwa mwili wake. Nietiwe akamkumbatia shingo. Maji yakafika, yakampanda mbwa, yakapita pembeni, na kichwa cha mtoto kikabaki juu ya mgongo wake. Halafu kikaja kisiki kilichokokotwa na maji. Kilimpiga mguu wa nyuma, na sisi ng'ambo tulisikia mlio wa mfupa. Mbwa hakusogea.

Vijana walipofika na kumtoa mtoto mzima, Sadaka alikuwa bado amelala majini, anatetemeka. Walimvuta, akakataa. Ilibidi Mwalimu aite kutoka upande wetu, "Inuka," na sauti sasa haikuwa ile. Mbwa akajaribu kuinuka kwa miguu mitatu. Wanaume waliokwenda msituni walikuwa wamerudi, wamesimama na mapanga yao kama wageni.

Bwana mifugo akaufunga mguu. Akasema, "Huyu hatapanda mlima tena. Mchagueni wa kukaa naye, abaki nyumba moja mpaka mwisho wake."

"Bila pua yake mngekuwa msituni hadi leo," Nakundwa akasema.

"Na pua ingebaki huku inanusa," Mbazi akasema. "Nani alimvusha?"

Mwalimu alisema kwa sauti ndogo, "Nilimwambia atulie, akavunjika. Nisipomtunza mimi, nitasimamaje mbele za Mungu?"

"Uliyemvunja ndiye umchukue?" Nakundwa akamwuliza.

Wakamwendea Bibi Nankondo. Akasema, "Mimi nilishamtoa. Kitu nilichompa Bwana nakigawaje tena?"

Basi mtu akashauri mbwa awekwe uwanjani kwa kanisa, kila mmoja amwite, atakayefuatwa ndiye. Nasi tukaona ni haki. Nakundwa akaita, "Tafuta." Sadaka akashusha pua, akanusa udongo. Mbazi, kwa mazoea tu, akaita, "Ruka." Na yule mnyama, na mguu wake ule uliofungwa vijiti, akajikunja aruke.

"Tulia!" Mwalimu akalia.

Akalala palepale alipokuwa, katikati yao, akiwatazama kwa zamu. Nakundwa alifunika uso kwa kanga. Mbazi akaenda nyuma ya kanisa. Hatukurudia tena.

Mpaka sasa amelazwa barazani kwa bibi, kwa muda, na hao watatu kila mmoja ametandika gunia mlangoni kwake. Mmoja alimpata mtoto, mmoja alimfikisha mbwa kwa mtoto, mmoja alimfanya akae. Ukiondoa mmoja, leo tungekuwa na kaburi dogo.

Nimesali, sijapata jibu. Ninyi mliosikiliza, semeni bila kuoneana haya: Sadaka alale mlango wa nani?