Unga Mfukoni mwa Debe

Lori lilikuwa limekwisha kuwashwa, na moshi wake umekwisha kuingia hadi chumbani, wakati fundi cherehani alipotoka na begi la mwanawe kichwani. Alilirusha nyuma, juu ya mifuko ya saruji, akalifunga kwa kamba ya katani. Akapiga fundo moja, akapiga la pili, akafikiri kidogo, akapiga na la tatu, kama mtu anayefunga mbuzi aliyewahi kutoroka. Mwanawe alisimama kando, mikono mitupu. Mtaa mzima ulimwita Debe, kwa kuwa tangu utoto wake hakuna kitu chenye tumbo tupu kilichosalimika bila kugeuzwa ngoma mikononi mwake: ndoo, sufuria, kabati, hata mgongo wa mwenzake darasani.

"Panda," mama yake alisema. "Mjomba wako ana safari ndefu."

Mjomba mwenyewe alikuwa kwenye usukani, shati jeupe limenyooshwa pasi mpaka mikunjo inaweza kukata mkate. Alikuwa akimung'unya pipi za mnanaa, kama kawaida yake. "Panda, mjomba," alimwambia mpwa wake kwa ile sauti yake ya taratibu. "Kwangu kuna ghala, kuna kazi, kuna nidhamu. Makelele yaache hukuhuku."

Wahenga walisema umdhaniaye ndiye, kumbe siye. Maana yake si ngumu: mtu humtazama mwenzake kwa nje, akamhukumu kwa nguo au kwa sura, akampa heshima asiyestahili na kumnyima anayestahili. Safari ile ilikuwa imepangwa na dhana tupu, na kabla lori halijaondoka ni vizuri kueleza dhana hiyo ilizaliwa wapi.

Enzi hizo muziki ulikuwa ukisafiri kwa kaseti. Kaseti moja ilipita mikono ishirini, mpaka sauti ya mwimbaji ikavutika kama mpira wa suruali kuukuu. Ndipo vijana kadhaa wa mtaani walipoupenda muziki mmoja wa kasi na kelele ambao wazee waliufananisha na bati linaloburutwa barabarani. Walijiita Wakavu. Jina hilo walilichagua kwa sababu hakuna tone la pombe lililopita kooni mwao, wala moshi wa sigara, wala kile ambacho watu walikiita unga kwa kunong'ona. Hilo ndilo lililokuwa sharti la kwanza na la mwisho. Mengine yote, ukiwemo ustadi wa kupiga, yalisamehewa.

Walifanyia mazoezi katika karakana ya mchomelea vyuma, baba yake msichana mmoja mwembamba aliyeitwa Msumari. Jumamosi adhuhuri mashine zilipozimwa, Msumari aliliondoa turubai juu ya gitaa lake. Debe alipanga ngoma zake, mbili za kununua na tatu za mapipa. Mwimbaji wao aliitwa Bubu, kijana mrefu ambaye nje ya muziki ungeweza kukaa naye kutwa nzima asikwambie zaidi ya "ndiyo" na "aa". Kuta zilikuwa nyeusi kwa masizi, hewa ilinuka chuma kilichoungua, na jagi moja la maji lilizunguka kwa wote. Waliokuwa vijana miaka hiyo sasa wanavaa miwani ya kusomea, lakini wakikutana bado huulizana, "Unaikumbuka karakana?"

Basi watu waliwaonaje? Waliwaona wana nguo nyeusi, minyororo kiunoni na vichwa vilivyonyolewa nusu. Waliwaona wakitoka karakanani macho mekundu kwa moshi, jasho likiwatiririka, wakitembea kama waliopigwa. Zaidi ya yote waliiona ile eksi. Kila Mkavu alikuwa na herufi hiyo nyuma ya kiganja, imechorwa kwa wino mzito mweusi, kama ile mwalimu anayoiweka mbele ya jibu lililokosewa. Asili yake ilikuwa rahisi. Mwenye ukumbi wa ngoma aliwachora hivyo watoto wote mlangoni, ili muuza vinywaji ajue asiwauzie pombe. Wakavu walipokua na kuruhusiwa kunywa, wakaendelea kuchorana kwa hiari yao. Mtu hakujichora mwenyewe. Alichorwa na mwenzake, naye mwenzake alimtazama kwanza machoni.

Lakini asili ya jambo nani huiuliza? Jirani mmoja, muuza mitumba mwenye ulimi mwepesi kuliko mizani yake, alimweleza fundi habari nyingine kabisa.

"Fundi, ile eksi ndiyo risiti," alisema huku akipekua marobota yake. "Ukishalipia unga, unachorwa. Muuzaji akikuona anajua huyu ni wetu. Kwanza wenyewe wanajiita Wakavu. Si unawaona? Wamekauka kweli."

Fundi alicheka siku hiyo, lakini kicheko hakikufika tumboni. Alikuwa na kidonda cha zamani. Mumewe alikunywa mpaka akauza cherehani ya kwanza, kisha akaondoka nyumbani akiwa amevaa kiatu kimoja, asirudi tena. Tangu hapo fundi alimchunguza mwanawe kama anavyochunguza kitambaa kabla ya kukikata. "Damu ya kwa baba yake," aliwaza. "Kwetu sisi hakuna mlevi. Mtazame kaka yangu." Na kila alipomtazama kaka yake, yule dereva wa lori mwenye shati jeupe na harufu ya mnanaa, moyo wake ulitulia.

Kisha siku moja, akifua, alikuta kijikaratasi mfukoni mwa suruali ya Debe. Alikifungua. Ndani mlikuwa na unga mweupe, laini, umesagwa vizuri.

Alikaa juu ya beseni lililopinduliwa. Kisha aliumwaga unga ule chooni, akaichoma suruali, akaenda kwa jirani.

"Usimuulize," jirani alimshauri. "Wakijua wamegunduliwa hutoroka. Wewe msafirishe tu, tena upesi."

Ndiyo sababu hakumuuliza. Alimtumia kaka yake ujumbe, na kaka akaja.

Sasa Debe aliweka mguu mmoja kwenye ngazi ya lori, akaingiza kichwa ndani. Akabaki hivyo kidogo, kisha akarudi chini.

"Mama," alisema polepole, asisikiwe na wapita njia. "Mjomba amelewa."

"Unasemaje?"

"Amelewa. Chini ya ule mnanaa kuna pombe. Asiendeshe gari, mama, hata mimi nisipokuwemo."

Fundi alimtazama kama mtu aliyetukaniwa wazazi. "Nyani haoni kundule," alisema. "Wewe, wewe mwenye hayo mambo mkononi, ndiye wa kumnusa kaka yangu? Panda gari kabla sijasahau kuwa wewe ni mwanangu."

"Dada, mwache," mjomba alisema kutoka juu. "Mtoto akishaharibika, humwona kila mtu ni kama yeye. Ndiyo maana tunampeleka."

Wakati huo Msumari na Bubu walikuwa wamekuja kumuaga mwenzao. Walikuwa wamesimama upande wa pili wa lori, upande wa dereva, na kwa kuwa madirisha yalikuwa wazi, Msumari alikuwa amesikia kila neno. Alipanda ngazi, akapitisha mkono wake mwembamba dirishani, akachomoa ufunguo. Injini ikakohoa mara moja, ikafa.

"Wezi!" jirani alipiga ukelele kutoka kwenye marobota yake. "Wanaiba lori mchana kweupe!"

Watu hawahitaji kuitwa mara mbili kwa neno hilo. Kinyozi alitoka na kitana mkononi, mteja wake akamfuata na nusu ya ndevu. Mwenye duka alikuja na mpini wa jembe. Mara Msumari na Bubu wakawa wamebanwa kwenye ubavu wa lori, minyororo yao kiunoni ikiwashitaki.

"Toa ufunguo, binti," mwenye duka alisema.

"Ni wa kwake, nami nitampa," Msumari alijibu. Ngumi yake ilibaki imefumbwa. "Ashuke tu aje auchukue. Nitamwekea kiganjani."

"Kwani akiupokea hukohuko juu atapungukiwa nini?"

"Basi akishuka atapungukiwa nini?"

Watu wakamgeukia mjomba. Yeye akanyoosha kola yake. "Mimi nishuke nikabishane na watoto?"

"Kaka, shuka," fundi alisema. Hasira ilimpanda mpaka utosini. "Shuka uwatie adabu mbele yangu, waone."

Mjomba alifungua mlango. Alitoa mguu wa kulia, akaitafuta ngazi, akaikosa. Akautoa wa kushoto kwenda kuusaidia wa kulia, na huo nao ukapotea. Aliporomoka mzimamzima, kama mfuko wa saruji ulioponyoka mikononi mwa kuli, na lile shati jeupe likapokelewa na vumbi.

Wa kwanza kumfikia walikuwa Wakavu. Kabla hata kinyozi hajafunga mdomo, Bubu alikuwa amempitishia mikono kwapani, Debe amemshika kiuno, na Msumari anamwekea ufunguo kiganjani kama alivyoahidi. Mjomba aliutazama ufunguo, akawatazama watu.

"Ardhi ya hapa," alieleza kwa heshima zote, "ina mteremko."

Ardhi ya pale ilikuwa bapa kama meza ya kupigia pasi. Harufu iliyotoka na maneno hayo iliwafikia hata waliosimama nyuma. Mwenye duka alishusha mpini wake. Jirani akakumbuka kuwa ameacha chungu jikoni.

Fundi hakukumbuka chochote cha jikoni. Alikumbuka kwamba miaka mingi, kila alipomtembelea kaka yake, alimkuta ameketi. Kaka aliandaliwa chakula akiwa ameketi, aliagwa akiwa ameketi. Watu walisema mtu yule ana heshima zake, hainuki ovyo. Naye dada mtu aliamini, akajivunia.

Walimlaza mjomba kwenye mkeka kati ya vitambaa vya wateja. Ufunguo wa lori fundi aliuning'iniza shingoni mwake mwenyewe. Kisha akawatazama wale watatu waliosimama mlangoni wasijue waingie au waondoke.

"Kwa nini mlimwinua?" aliuliza. "Alikuwa amewatukana."

Wenzake walishangaa kumsikia Bubu akijibu. "Kwetu aliyeanguka anainuliwa, mama. Hata tukiwa katikati ya wimbo tunasimama. Akishainuka tunaendelea."

Fundi aliinamisha kichwa. Swali lililombana lilikuwa bado. "Na ule unga, Debe? Ule wa mfukoni?"

"Unga gani?"

"Mweupe. Kwenye karatasi."

Debe alikwenda kwenye meza ya cherehani, akachukua kipande cha chaki bapa ambacho mama yake alichorea mikato, akakikwaruza kwa kucha. Unga mweupe, laini, ukadondoka mezani.

"Ni chaki yako, mama. Mikono inatoka jasho, vijiti vinateleza. Nilikuwa naisaga najipaka viganjani. Nilikuona unaitafuta kila siku, nikaogopa kusema."

Miaka ishirini na zaidi fundi alikuwa ameishika chaki ile. Ilikuwa kwenye kucha zake, kwenye kanga zake, kwenye chai yake. Na alipoiona imesagwa mfukoni mwa mwanawe hakuitambua.

"Si ungeniuliza tu?" Debe alisema.

"Niliambiwa utatoroka."

"Nitorokee wapi? Baba aliporudi usiku, ni mimi niliyekuwa namvua viatu. Ulidhani na mimi nataka nivuliwe?"

Mama yake alitoka nje, akapambana na yale mafundo matatu, na aliposhindwa kuyafungua akaleta mkasi wake wa kazi, ule ambao hakuruhusu hata mtu akatie karatasi, akaikata kamba. Begi likarudi ndani.

Mwezi uliofuata alikwenda ukumbini kuwasikiliza, pamba tele masikioni. Alisema baadaye kwamba wimbo hakuuelewa hata mmoja, ila aliwahesabu wachezaji walioanguka kwa kusukumana na walioinuliwa, na hesabu zilikuwa sawa.

Mjomba aliacha pombe, akairudia, akaiacha tena. Udereva aliuacha moja kwa moja, akafa akiwa mlinzi wa ghala. Jirani alihamia mtaa mwingine, na huko husimulia kwamba yeye tangu mwanzo alijua watoto wale ni wazuri. Msumari alirithi karakana, akaiuza baba yake alipofariki. Sasa ni stoo ya magodoro. Bubu ni mtangazaji wa kituo cha treni. Debe anatengeneza viti, sikio lake la kushoto halisikii vizuri, na pombe hajaionja mpaka leo. Fundi aliacha kushona macho yalipofifia, akazikwa na watu wengi, na waliobeba jeneza mbele walikuwa wazee watatu, mmoja wao mwanamke mwembamba, wote na eksi nyeusi nyuma ya viganja. Wageni waliotoka mbali waliwaona wakanong'onezana kwamba hata msibani wahuni hawakosekani. Umdhaniaye ndiye, kumbe siye.