Mkono wa Mjomba Tiri

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nini? Pakawa baridi ya kung'oa meno. Basi sogeeni motoni, na mwenye mbwa amshike.

Hapo zamani za kale, huko kaskazini ambako theluji hukaa kama mgeni asiyeaga, miungu walimlea mbwa mwitu, jina lake Fenri. Walimlea, nasema, lakini aliyemlisha ni Tiri peke yake. Wengine walirusha nyama kwa mbali wakatimua mbio. Tiri aliiweka kiganjani, mkono wa kulia, maana kwao hata mnyama halishwi kwa kushoto. Na kila mara Fenri humwuliza:

"Mjomba, mkono uko wapi?"

"Huu hapa, mwanangu."

Fenri akala, akakua. Akala, akakua. Akala, akaipita nyumba kwa kimo. Siku moja akameza ng'ombe. Siku ya pili, zizi zima. Siku ya tatu akaanza kuutazama mwezi huku akijilamba.

Mkubwa wa miungu, Mzee Jicho-Moja, akasema, "Afungwe leo."

Wakaleta mnyororo, wakamwambia ni mchezo wa kupimana nguvu. Fenri akajinyoosha. Pwaa! Ukakatika. Wakaleta mwingine, mnene kama shingo ya fahali. Pwaa! Wakaleta utepe laini, uliofumwa kwa kishindo cha paka, jasho la samaki na kivuli cha moshi.

Fenri akaunusa. Manyoya yakamsimama.

"Huu una uchawi. Mmoja wenu atie mkono kinywani mwangu. Nikishindwa kujinasua, mnifungue. Msiponifungua, nauma."

Mungu wa radi akakumbuka ameacha chungu motoni. Mungu wa bahari akaumwa na bega, yote mawili.

"Mashujaa nyie!" Fenri akacheka. "Mwogope meno, mimi nisiogope utepe?"

Tiri alitazama chini. Alijua utepe ule haukatiki. Alijua Jicho-Moja hataufungua. Akauinulia macho mwezi wa mchana, mweupe, mdogo kama tonge.

"Mjomba," Fenri akamwita taratibu, "mkono uko wapi?"

"Huu hapa, mwanangu."

Akautia. Ulimi ukakilamba kiganja, kama zamani.

Wakamfunga mwambani. Fenri akavuta, utepe ukabana. Akavuta, ukabana zaidi. Akavuta mpaka mwamba ukalia, utepe ukazama nyamani. Miungu wakaangua kicheko. Tiri hakucheka.

"Ulijua?" Fenri akauliza, meno yakigusa ngozi.

"Nilijua."

"Bado unaweza kuutoa."

"Naweza."

Hakuutoa.

Kach!

Miungu wakafanya karamu. Sinia likafika kwa Tiri, naye akanyoosha mkono wa kushoto. Mmoja akafungua kinywa amkosoe, akakifumba.

Tiri akachukua mnofu mnono, akaenda mwambani.

"Mjomba, mkono uko wapi?"

"Huu hapa, mwanangu."

Fenri akaunusa ule wa kushoto. Akageuza uso.

"Huo sio."

Basi nawaambia, ukilazimika kumdanganya anayekuamini, hata uwe na sababu kubwa kama mwezi, usitegemee kurudi nyumbani mzima.

Hadithi yangu imefika ukingoni. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, laumuni baridi ya huko, ilinigandisha ulimi. Na asiniulize mtu Fenri alisemaje na mkono mdomoni. Mimi nasema na muhogo mdomoni kila siku, na mnanielewa.