Mvua Iliyojifunika Shuka

Mtu mmoja alikuwa na shamba la pareto juu mlimani, na neno moja tu la hali ya hewa. Jina lake Asegelile. Shamba lenyewe lilikuwa refu, ukianza kuchuma maua upande huu ukiwa kijana unatokea upande wa pili una mvi. Lakini neno lilikuwa moja. Chochote cheupe kikishuka, kikipanda, kikilala au kikisimama, yeye alisema, "Ukungu," akawa amemaliza.

Nyumba yake ilikuwa ya nyasi, imechoka. Masika alilala na beseni tumboni, na asubuhi beseni lina vyura, na vyura wanamjua kwa jina. Basi mwaka ule akaapa: pareto ikikauka vizuri, lori la wanunuzi likaichukua Ijumaa, anaezeka bati. Ikioza, ni beseni tena.

Mwanawe Ipyana alikuwa ameoa binti wa huko juu zaidi, kule baridi inakozaliwa. Binti aliitwa Tusekile. Kwa watu wa kwao, kinachofunika mlima kina majina kama ng'ombe wa zizini. Umande ni ule unaolala kwenye majani, jua likipiga hodi unaondoka bila ugomvi. Utusitusi ni moshi wa mapori yanayochomwa, unaficha mlima mzima lakini haulowanishi hata unyoya wa kifaranga. Ukungu wenyewe unashuka na baridi ya alfajiri, unatanda bondeni kama maziwa, saa tatu hauuoni. Halafu kuna ule unaopanda kutoka chini, vuguvugu, unaolowesha kope hadi zidondoshe maji. Huo ni manyunyu yanakuja, na nyuma ya manyunyu kuna mkubwa wao.

Tusekile aliyajua yote hayo, ila hakuweza kumwambia baba mkwe. Kwa mila yao, mke wa mwana haonani na baba mkwe wala hasemi naye. Tusekile akisikia kikohozi cha mzee, anaingia kwenye mahindi. Mzee akiona kanga ya mkwewe, anageuka kushangaa mti. Maneno yote yalipitia kwa mama Ipyana, asubuhi kwenda, jioni kurudi.

Jumatatu ulikuwa umande tu. Asegelile alichungulia mlangoni, akasema, "Ukungu," akarudi kwenye blanketi. Jua likatoka, likakaa, likazeeka, maua yamo vikapuni. Jumanne maua yakiwa yameanikwa kwenye mikeka, ukaja utusitusi. Safari hii alipiga kelele hadi kuku wakapanda juu ya nyumba: "Ukungu! Anueni!" Wakaanua mikeka arobaini mbio mbio, maua yakashinda ndani yakitoka jasho, na huko nje vumbi linapaa.

Jirani yake Mwakitalu alikuwa anapita. "Asegelile," akasema, "siku kivuli chako kikipita si utaanua na paa?" Watu wakacheka mpaka mlima wa pili ukaitikia.

Hilo lilimwingia. Jumatano akaapa hakimbii tena, hata ishuke mbingu. Mikeka yote arobaini ikatandikwa nje. Mama Ipyana alikuwa ameenda msibani, na Ipyana yuko mnadani. Ndipo weupe ukaja kutoka bondeni, unapanda polepole, una joto kama pumzi ya ng'ombe, unanukia udongo. Asegelile akasimama katikati ya maua yake, mikono kiunoni.

"Ukungu ni ukungu," akasema. "Utaondoka."

Ukamfunika. Ulikuwa mzito, alijikuna kichwa akakuta amemkuna mbuzi aliyefungwa pale kando.

Tusekile alikuwa nyuma ya jiko. Aligusa kope zake, zimelowa. Akatazama njia ya msibani, mjumbe hayupo. Akawaza: nikisema, nimevunja heshima ya nyumba, nikinyamaza, nyumba yenyewe inavuja. Akainua mkono ajifute uso, asiuone mkono. Hapo akili ikamjia: kama mimi sijioni, baba ananionaje? Akanyata, akifuata njuga ya mbuzi, mpaka ikawa karibu. Akasimama.

"Wewe mbuzi," akasema kwa sauti, "mwambie mwenye shamba, huu si ukungu. Hii ni mvua imejifunika shuka. Kama habari hii ni ngumu kwake, aguse kope zake."

Asegelile alisikia vizuri sana, na kila neno lilimwasha kama upupu. Jana amechekwa na jirani, leo anafundishwa na mtoto wa juzi, tena kupitia kwa mbuzi! Akatamani kujibu kwa ukali. Lakini lile beseni likamjia akilini, na vyura wake. Akainua kidole polepole, akagusa kope. Zilikuwa zinadondosha maji.

Akakohoa. Akamgeukia mbuzi kwa heshima zote.

"Nawe mbuzi, mwambie aliyekutuma ashike ncha ya pili ya mkeka."

Wakabeba. Mzee huku, mkwe kule, mkeka katikati, na weupe umetanda kati yao kama pazia la harusi. Hakuna aliyemwona mwenzake. Mkeka wa arobaini ulipovuka kizingiti, shuka lilichanika. Mvua ilipiga siku ile hadi mto ukapanda mlima kuja kuuliza kuna nini. Jioni Mwakitalu alikuja, amelowa chapachapa, kuazima beseni.

Alhamisi jua likawaka, maua yakamaliziwa kuanikwa. Ijumaa lori likaja. Leo bati la Asegelile linang'aa, ndege wanalikwepa wakidhani ni ziwa. Naye kila asubuhi anatoka nje, anagusa kope kwanza, ndipo anafungua mdomo. Na kuna asubuhi anasema umande, na kuna asubuhi anasema utusitusi. Mbuzi hakuchinjwa. Alizeeka kwa heshima, kama mjumbe wa nyumba kumi.

Basi wewe, unayekiita kila kinachokufunika "shida", ukakilalia chote au ukakikimbia chote: umegusa kope zako leo, au unangoja mbuzi aseme?